Ini, vitamini A na kipokezi kiziwi

Jumanne, usiku.

Nimeshinda nikisoma makala za Wajapani kuhusu saratani ya ini, na usingizi umekataa. Mwaka 1996 Yasutoshi Muto na wenzake wa Gifu walichapisha matokeo ya wagonjwa 89 waliokwisha kutibiwa uvimbe wao. Kwa mwaka mzima, 44 walimeza asidi ya poliprenoiki, ndugu wa vitamini A aliyetengenezwa maabara, miligramu 600 kwa siku. 45 walipewa vidonge vitupu. Saratani ilirudi au kuota upya kwa 12 wa kundi la kwanza na 22 wa kundi la pili.

Hesabu ni nzuri, ila mimi nimenaswa na yanayotokea ndani ya seli. Vitamini A ikishageuzwa kuwa asidi hufika kwenye kiini, ikashikana na protini ziitwazo vipokezi, ndipo zinaamka jeni za kuikomaza seli na kuipunguzia kasi ya kugawanyika. Katika saratani ya ini, kipokezi kimoja, RXR-alfa, hubandikwa fosfati (kipande kidogo cha kemikali) na mfumo wa Ras, ule wa kuihimiza seli ikue, uliochachamaa. Kikishabandikwa, huwa kiziwi: vitamini ipo, agizo halisikiki. Dawa ya Gifu huzuia fosfati hiyo. Kwenye seli za maabara, protini p21, breki ya mgawanyiko, hupanda; saiklini D1, kichapuzi chake, hushuka; seli husita kunakili DNA, na nyingine hujifia zenyewe.

Kuitia seli adabu badala ya kuiua! Shanghai walishachapisha mafanikio ya namna hiyo mwaka 1988 kwa aina moja ya saratani ya damu. Ini ni bishi zaidi. Jaribio kubwa la baadaye, la wagonjwa 401, halikuthibitisha matumaini yale. Mwaka 2018 watafiti wa RIKEN, taasisi ya utafiti ya Japani, walionyesha kwamba dawa hii huziandama hasa seli za saratani zenye MYCN, protini ya kuchochea ukuaji, kwa wingi. Pengine, nawaza, tumekuwa tukimpa kila mgonjwa dawa ya wachache.

Shangazi kasikia "vitamini A" tu, akataka kununua kopo zima. Hapana, shangazi. Ini ndilo ghala la vitamini hiyo, na ikizidi hulidhuru. Nimemshauri akapime homa ya ini B na asile mahindi yenye ukungu. Kaguna. Alitaka kidonge.