Foleni ya Iwambi na kalavati la korongo lisilo na mwenyewe

Shilingi elfu kumi na tano, kutoka stendi ya Nane Nane jijini Mbeya hadi Mbalizi! Nilimuuliza dereva wa bajaji kama ameniona nina gunia la viazi mgongoni. Akacheka. "Mzee, foleni hiyo. Panda daladala, lakini utalala Iyunga." Tukavutana mpaka elfu kumi na mbili. Nikapanda na kinyongo changu.

Za njiani sina la kusimulia. Anayetoka Iringa anaijua misonobari ya Mafinga na chai ya Makambako inayouzwa bei ya supu. Safari yenyewe ilianzia hapo stendi, na ilikuwa ya kilomita ishirini tu.

Mbeya ni jiji lililotungwa kwenye uzi mmoja kama samaki. Uzi ni TANZAM, barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Zambia. Kichwa kiko Uyole, inapochepuka barabara ya Tukuyu na Kasumulu. Mkia uko Mbalizi. Katikati wametungwa Sae, Mama John, Soweto, Mwanjelwa, Nzovwe, Iyunga. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 385,279 ndani ya Jiji, ya 2022 ikahesabu 541,603. Hao laki moja na nusu na ushei walioongezeka wamejenga kupanda juu milimani na kushuka chini mabondeni, ila wakitaka kwenda popote wanarudi kwenye uzi uleule, pamoja na lori la Zambia, gari la wagonjwa, mkokoteni wa kabichi na mimi.

Kwenye ramani mtu anaweza kujiuliza kwa nini hakuna barabara ya pili inayokwenda sambamba na kubwa. Sababu ni makorongo. Maji ya mlima Loleza na wenzake yanashuka kuelekea kusini, na kila kijito kimejichimbia njia yake. Udongo wa huku una majivu ya volkano, ni mwepesi; mvua ikishaonja sehemu haiachi. Kwa hiyo mitaa imekaa kama vidole vya mkono: kila kidole kina njia yake ya kupanda na kushuka, na kutoka kidole hiki kwenda cha jirani lazima urudi kwenye kiganja. Kiganja ndiyo lami. Nyumba mbili zinazoonana, mama wa huku anasikia redio ya kule, zinaweza kuachana kilomita tatu kwa bajaji.

Upanuzi wa lami hiyo kuwa njia nne, kati ya Nsalaga upande wa Uyole na Ifisi upande wa Mbalizi, utasaidia malori kupishana. Vidole hautaviunganisha. Nilikuwa naliwaza hilo huku nikila vumbi, pale tulipofika Iwambi, kabla ya Mbalizi, na kusimama kabisa.

Lori lilikuwa limejikunja kwenye mteremko, kichwa kinatazama Mbalizi na tela linatazama Loleza. Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu. Ila mteremko ule ukishafungwa hauna mlango wa nyuma. Abiria wa ndege ndio waliotia huruma, maana kiwanja cha Songwe, kilichoanza kazi Desemba 2012, kiko ng'ambo ya Mbalizi: kiwanja cha Jiji kilicho nje ya Jiji, na njia ni hiyohiyo. Dada mmoja alivua viatu vya visigino akaanza kutembea na begi kichwani. Karanga za shilingi mia tano zilikuwa elfu moja kabla saa haijaisha.

Saa ya pili dereva wangu akachoka, akakata kushoto, tukaingia mitaani.

Njia ilikwenda vizuri mpaka kwenye mtaro mpya uliochimbwa bila kuwekewa kivuko. Vijana wanne walikuwa wameshafungua biashara: mbao za inchi mbili kwa kumi, zimetandazwa juu ya mtaro. Pikipiki mia mbili, bajaji mia tano. Nikaanza kulalamika, kisha nikatazama. Pikipiki inapita kwenye ubao mmoja. Bajaji ina matairi matatu, la mbele linapita katikati, kwa hiyo inataka mbao tatu na mtu wa kuzishika zisiachane. Hesabu yao ilikuwa sawa. Nikalipa.

Mita mia nne mbele njia ikaishia kwenye korongo, na hapo ndipo nilipobaki hadi jioni.

Watu wapatao arobaini walikuwa chini, wanajenga kalavati, kivuko cha mabomba yanayopitisha maji chini ya barabara. Kazi yangu ni michoro ya mipango miji, na kwa miaka mingi nimechora vivuko vya namna hiyo kwa mistari miwili ya bluu. Mistari miwili haina uzito. Bomba moja la zege la kipenyo cha sentimita 90, urefu mita moja, unene wa ukuta sentimita kumi, lina kilo 750 hivi. Winchi hakuna. Walikuwa wanaliteremsha kwa kamba mbili zilizozungushwa kwenye shina la mkaratusi, wanaume sita kila kamba, na wawili chini wanasogeza magogo ya kulibingirishia. Anayeita ni mmoja tu. Wakiita wawili, fundi alinieleza, kamba moja inaachia mapema, bomba linageuka, na bomba likigeuka halichagui mguu.

Walishajenga hapo kabla. Kalavati la kwanza lilikuwa la bomba la sentimita 60, likaondoka na mvua za msimu wake wa kwanza. Wakazi walidhani fundi kaiba saruji. Wengine waliona sentimita 30 za tofauti ni kitu kidogo, wakati tundu la 60 halifiki nusu ya tundu la 90. Halafu kuna usafi: ndani ya 90 mtu mzima anaingia ameinama na koleo akatoa mchanga, mabua na mifuko. Ndani ya 60 anaingia mtoto, na hakuna mzazi atakayekubali. Kwa hiyo linaziba, maji yanapanda juu ya barabara, yanakata kifusi upande wa kutokea, na asubuhi mnakuta mabomba yamelala bondeni kama vikombe vya msibani.

Safari hii waliweka mabomba saba, mita saba, kwa barabara ya mita sita. Chini walimwaga zege jepesi la moja kwa tatu kwa sita, yaani saruji, mchanga na kokoto, na kuta za vichwani, kwenye midomo yote miwili, zikajengwa kwa zege la moja kwa mbili kwa nne, ambalo linakula mifuko sita hadi saba ya saruji kwa kila mita ya ujazo. Mteremko ni asilimia mbili, yaani sentimita 14 kutoka mdomo wa kuingilia hadi wa kutokea. Fundi aliupima kwa mpira mwembamba unaoonyesha ndani, umejazwa maji, mwisho mmoja umeshikwa huku na mwingine kule. Maji yakitulia, usawa ndio huo, kutoka hapo unashuka sentimita 14, unapima kwa futi ya chuma. Kalavati likilazwa bapa mchanga unatulia ndani, nalo likiinamishwa sana maji yanatoka kwa hasira na kuchimba. Ndiyo maana upande wa kutokea walipanga mawe makubwa yaliyojengewa, mita mbili na nusu kwenda mbele, ili maji yatue juu ya kitu kigumu kabla hayajaonja ule udongo wa majivu.

Makosa niliyaona pia. Kifusi kilikuwa kinajazwa upande mmoja kwanza kwa sababu ndiko toroli zilikofikia. Kikiegemea upande mmoja kinasukuma mabomba yaachane kwenye maungio. Fundi akapiga kelele, wakahamia pande zote mbili, tabaka la sentimita 15, shindilia, tabaka jingine. Juu ya bomba panatakiwa angalau sentimita 60 za moramu, ule udongo wa changarawe, kabla gari halijapita. Kijana wa pikipiki aliyetaka kujaribu kwenye sentimita 20 alirudishwa kwa matusi ambayo sitayaandika.

Nikamuuliza mwenyekiti wa mtaa fedha zimetoka wapi. Akaniuliza kwanza, "Mkuu, wewe ni wa ofisi?" Nikasema ni wa Iringa. Akalegea.

Korongo lenyewe ni mpaka. Huku ni Jiji, ng'ambo ni Halmashauri ya Wilaya ya Mbeya, ambamo Mbalizi ni mji mdogo. Kwa sheria ya mipango miji ya 2007 kila halmashauri ni mamlaka ya upangaji ndani ya eneo lake, na mchoro wa kila upande unakoma kwenye ukingo wa maji. Walipeleka barua huku wakaambiwa kivuko kinanufaisha kule. Kule wakaambiwa kinaanzia huku. Wala hakuna aliyesema uongo. Wanafunzi wanavuka kwenda shule kwa mawe ya kurukia, mama wa ng'ambo wanaleta mboga sokoni huku kila alfajiri, mafundi wa huku wanajenga nyumba za kule. Watu walishakuwa mji mmoja zamani, makaratasi ndiyo bado mawili. Basi mitaa miwili ikaitisha mkutano wa pamoja, kila kaya elfu tano au siku mbili za kazi. Waliotoa kazi walikuwa wengi kuliko waliotoa pesa, na mwenyekiti alikiri kwamba asingeweza kuwanunua vibarua hao kwa michango yote aliyokusanya.

Kivuko bila njia ya kukifikia ni sanamu. Njia ilikuwa ya mita tatu, wakaitaka sita, kila mwenye kiwanja aachie mita moja na nusu. Wengi walihamisha michongoma. Bibi mmoja alikubali kutoa uzio, migomba miwili na banda la kuku, ila mparachichi alikataa. "Huo umesomesha wanangu wanne. Chora ukiuzunguka." Wakauzunguka. Njia inapinda hapo na kubana hadi mita nne na kidogo.

Nikafanya kosa la kusema kitaalamu kwamba mti ungekatwa barabara inyooke. Bibi akanitazama viatu. "Wewe ndiye umesomea?" Nikapima kwa hatua, kisha kwa utepe wa fundi: mita 4.2. Gari la zimamoto lina upana wa mita mbili na nusu. Linapita. La kunyonya vyoo nalo linapita, na hilo ndilo muhimu zaidi, kwani mpira wake una urefu wa mita thelathini au zaidi kidogo, na nyumba iliyo mbali kuliko hapo na njia ya gari choo chake kikijaa ni kuchimba kingine. Nikamwambia bibi mti ubaki. Akasema hakuwa ameniuliza.

Usiku nililala Mbalizi, chumba cha elfu ishirini na tano chenye blanketi moja, na baridi ile ya Mbeya inayoingia kwa chini ya mlango. Nikaiwaza Iringa. Wajerumani walituweka juu mlimani kwa sababu ya vita na Wahehe. TANZAM ilipokuja ikapita chini, Ipogolo, na malori hadi leo hayaingii mjini. Mbeya ilianzishwa 1927 kwa dhahabu ya Lupa, barabara ikaupitia moyoni. Tulijiona wajanja. Halafu stendi yetu ikahamia Igumbilo, bondeni, na sasa anayeshuka basi usiku analipa tena kupandishwa mjini, na mama lishe waliokuwa wakiuza supu kuzunguka stendi ya zamani wameshuka nayo au wamefunga. Sisi lori halitukanyagi, na wateja wetu nao wanashukia chini huko huko. Sijui bibi angeninyooshea kidole kwa lipi.

Keshokutwa yake, nikirudi, foleni haikuwepo, lakini nilimwambia dereva apite korongoni. Moramu ilikuwa imefika juu. Fundi alikuwa anamwaga ndoo ya maji kwenye mdomo wa kuingilia na watoto wako upande wa pili wanangoja. Yalitoka taratibu, yakatandaa juu ya mawe, yakaingia bondeni bila kuchimba.

Bibi alikuwa ukingoni na mfuko wa maparachichi sita, magumu kama mawe.

"Yafunge kwenye gazeti," akasema. "Ukifika Iringa yatakuwa yamelainika. Ni ya ule mti."

Nikauliza bei. Akanisonya.