Barua pepe zilizogoma kuingia kwenye flashi

Akaunti ilikuwa imejaa, na barua pepe za tangu 2013 sikuwa tayari kuzifuta. Nilikuwa nazisoma kwenye kompyuta kwa programu ya Thunderbird kupitia IMAP, njia ya kusoma barua zilizoko kwenye seva ya mtoa huduma, nikajua nakala ninayo. Wapi! IMAP ni kama kioo: ukifuta kwenye seva, na huku zinatoweka. Basi nikafungua folda chini ya Local Folders, sehemu ya Thunderbird inayoweka barua kwenye kompyuta yenyewe, nikazinakili zote humo usiku kucha.

Asubuhi nikaburuta faili la folda hiyo kwenda kwenye flashi ya GB 32, tupu kabisa. Ikakataa: faili kubwa mno. Nikailaumu flashi ya watu bure. Kumbe ilifomatiwa kwa FAT32, mfumo wa zamani wa kupanga faili ambao haupokei faili linalofika GB 4, na Thunderbird kwa kawaida hurundika folda nzima ndani ya faili moja la mbox. Langu lilikuwa na GB 6.

Ningeweza kuifomati upya kwa exFAT, mfumo usio na kikomo hicho, ila nikaona heri nigawe barua mwaka kwa mwaka, kila mwaka folda yake. Zikaingia. Kabla sijafuta chochote kwenye seva, nilijaribu nakala ile kwenye laptopu ya dada: barua ya 2014, na picha yake, ikafunguka.