Dienogest na damu iliyokuwa inarudi kila mwezi: jinsi nilivyotatua

Nina endometriosisi (tishu kama ya ndani ya mfuko wa uzazi inaota nje yake), nikaandikiwa dienogest, dawa ya homoni, mg 2, kidonge kimoja kila siku. Miezi minne nameza ila kila pakiti ikiisha damu inarudi na tumbo linakata vibaya mno. Nikahamisha muda wa kumeza, nikaongeza dawa za maumivu, wapi. Niliporudi kwa daktari akaniuliza, pakiti ikiisha unafanyaje? Nikamwambia napumzika siku 7 kama vidonge vya uzazi wa mpango. Kumbe hii haina mapumziko kabisa, unaanza pakiti mpya kesho yake hata kama damu inatoka! Nikaweka na alamu, saa 2 usiku, kila siku saa hiyohiyo. Sasa mwezi wa tatu, matone yameisha, nalala usiku mzima jamani.