Siku moja maishani mwangu: muanika dagaa wa Katonga, mwezi wa mvua

Saa kumi na moja na nusu alfajiri. Bado giza, huku Katonga, Kigoma, kando ya Ziwa Tanganyika, jua linachelewa kutoka, wenzetu wa Dar wanaliona zaidi ya nusu saa kabla yetu. Mitumbwi inaingia na taa zake, tunagombania bei pale mwaloni, napata mabeseni yangu, basi. Hii sehemu ndo watu wanapenda kuipiga picha na ndo rahisi kuliko zote.

Saa moja nishaosha, natandaza kwenye chanja. Chanja ni neti iliyowambwa juu ya miti usawa wa kiuno, hewa inapita chini na juu, mchanga haugusi. Dagaa wa mchangani wana bei yao na mimi siwataki.

Saa tatu mpaka saa sita: jua, kugeuza, kufukuza kunguru, jua tena.

Kiangazi unaanika asubuhi jioni unafunga gunia. Mwezi wa kumi na moja sahau. Joto lenyewe lina maji ndani, nguo imeganda mgongoni, jasho langu tu halikauki sasa dagaa atakaukaje? Mchana upepo unatoka ziwani unapanda vilima vya nyuma yetu, mawingu yanajazana huko juu, ikifika saa nane saa tisa yanatushukia na radi. Mtu atasema si usubiri mvua ziishe. Nisubiri na nini? Mbalamwezi mitumbwi haitoki, maana ziwa likiwa jeupe taa hazivuti dagaa, na mwaka 2024 ziwa lilifungwa tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti ili samaki wazaliane. Sipingi, wazaliane, lakini hiyo ndo miezi yetu ya jua la uhakika. Kwa hiyo dagaa wakipatikana unaanika hata mbingu ikinuna.

Saa saba na kitu kaja kaka mmoja wa mjini, raba nyeupe, anataka kilo tano za kupeleka safari. Nikamwambia hawa bado, wana unyevu, kaa kidogo au chukua wa jana. Wa jana hawataki, eti wamesinyaa, anataka hawa hawa wanaong'aa. Haya. Akaanza kuchagua mmoja mmoja, huyu amekatika kichwa, huyu mfupi, anampigia mkewe video anamwonyesha, mke naye anachagua kutoka huko aliko, na mimi naangalia vilima vimeshakuwa vyeusi. Nikataja bei akacheka. "Mama, si mnachota tu ziwani?" Nikamwambia kaka, anayechota kakesha majini usiku kucha na mafuta ya injini kanunua, mimi nimenunua kwake, mchotaji hapa nani? Anataka nimpunguzie buku tatu kila kilo. Ngurumo ya kwanza ikapiga yeye bado yuko kwenye buku tatu. Jirani anapiga kelele shoga anua, anua! na huyu ananiambia tupime kwanza, mizani imekaa sawa kweli?

Nikamwachia mizani yake nikaanza kuanua. Kuanua si kukunja nguo, dagaa aliyekauka nusu ukimbeba vibaya anavunjika, na aliyevunjika hana mnunuzi, unakumba kwa viganja unatia beseni unakimbia unarudi, upepo unabeba turubai, watoto wa jirani wamelishika pembe linawaburuta, mvua inakuja juu ya ziwa unaiona kabisa kama ukuta, milima ya Kongo imeshapotea. Kaka alikuwa wapi? Chini ya banda langu, raba zisilowe.

Chanja mbili za mwisho ziliwahiwa na mvua. Hatukuzifuata, radi zilikuwa zinapiga karibu mno na hapa mwaloni kila mtu anajua radi ikianza unatoka majini na mwembe huusogelei.

Ilipokatika sijui saa ngapi, kumi hivi, jua likarudi kali na mvuke ukapanda kutoka mchangani. Walioloa tukawatenga, hao wataenda kwa wafuga kuku kwa bei ya kutupa. Waliobaki nikawatandaza tena mpaka giza, wengine wakalala ndani nilipolala mimi, harufu mtajijua wenyewe mnaokunja pua kwenye daladala.

Kaka alilipa bei niliyotaja, akaondoka na dagaa wake wanaong'aa. Saa tatu usiku kapiga simu: mama, hawa dagaa mbona wameanza kunuka kwenye mfuko?

Nikamwambia awaanike.