Sauti ya Nne

Jana jioni Neema alikuwa ameibana simu yangu sikioni, anasikiliza ule wimbo wa mavuno. Akaniuliza: "Baba, babu anaimba wapi hapa?"

Nilikuwa namenya viazi. Nikaweka kisu chini.

Spika ya simu ni ndogo mno, sauti za chini kabisa haizitoi. Nikamwambia asubiri nimtafutie hedifoni. Nikawa natafuta droo hii na ile, lakini akili imesharudi Kihonda, mwaka 2012, sebuleni kwa mama.

Wimbo huo kwaya ya baba iliurekodi mwaka 1994. Mtu aliweka radio ya kaseti juu ya benchi, akabonyeza vitufe viwili kwa pamoja, kwaya ikaimba. Hapakuwa na kinanda wala gitaa. Ngoma moja, kayamba, na watu kama thelathini. Baba alikuwa sauti ya nne, ile ya chini kabisa. Nyumbani alikuwa akifanyia mazoezi sehemu yake peke yake huku ananyoa ndevu, do, do, so, do, kiasi kwamba nilikua nikidhani wimbo wenyewe ndio huo.

Mwaka ule wa 2012 nilikuwa nagongea vijana wa mtaani biti kwenye FL Studio, programu ya kompyuta ya kutengenezea muziki, nikaona nimpe mama zawadi: wimbo uleule, safari hii uwe na gitaa la besi. Kwenye spika zangu mbili ndogo za kompyuta ulisikika mwepesi, sauti ya kwanza na kayamba basi. Nikaamua kwamba huu wimbo chini hauna kitu.

Nilichomeka waya wa jeki kutoka kwenye radio hadi kwenye kompyuta, nikauingiza wote. Ikaanza shida. Kwaya haikuwa na mashine ya kuhesabia mapigo: walianza kwenye mapigo 92 kwa dakika, ubeti wa tatu wamefika 98, furaha imewapandisha. Noti za besi nilizisogeza moja moja kwa kipanya, niwafuate wao. Halafu tuni ya kaseti iliangukia katikati ya funguo mbili za kinanda, ikabidi niivute besi kidogo kidogo mpaka zikubaliane. Ilinichukua usiku tatu.

Mwisho nikafanya jambo ambalo kila anayemiksi hufundishwa mapema, kuisafishia besi njia. Kwenye sauti ya kaseti nikafungua ikwalaiza, ile ya kuongeza au kupunguza sauti nene na nyembamba, nikakata kila kilichokuwa chini ya Hz 150, yaani mitetemo 150 kwa sekunde, kule kwenye sauti nene. Ule mvumo wa kaseti ukaondoka. Besi yangu ikakaa peke yake, imenona.

Nikaazima sabufa kwa jirani. Mama akakaa kwenye kochi lake la dirishani, kanga mabegani, miguu kaikunja. Besi ilipoingia, vikombe vikalia kabatini, naye akatabasamu. Ubeti wa pili ukapita. Kwenye ubeti wa tatu kina mama wananyamaza kidogo, wanaume wanabaki peke yao. Hapo mama akainua mkono, kama mtu anayezuia daladala. Nikasimamisha.

"Rudisha."

Nikarudisha. Akainamisha kichwa upande wa sabufa. Kidole chake cha shahada kilikuwa kinapanda na kushuka juu ya goti, kinafuata kitu ambacho mimi sikisikii.

"Tumaini, mbona baba yako amekonda?"

Sikumwelewa. Nikamwambia ni wimbo tu, mama, hakuna picha.

"Sauti yake. Imekonda. Ameimba kama alivyokuwa anaongea ile miezi ya mwisho."

Waliomuuguza baba wanaijua sauti hiyo. Tabasamu lilishaondoka, na sabufa bado inavuma chini kwa chini.

Usiku nilirudi kwenye mashine, nikaiondoa ile ikwalaiza, nikatazama mchoro wa sauti kwenye kipande cha wanaume. Karibu na Hz 90 palikuwa na kilima kidogo, kinapanda na kushuka. Do, do, so, do. Ile do yake ilikuwa pale, na so yake kwenye 135. Zote mbili nilikuwa nimezikata mzizi, nikamwachia zile sauti za juu juu zinazotoka puani, halafu juu ya kaburi nikamwekea gitaa. Wimbo ulikuwa na besi tangu 1994. Spika zangu ndizo zilizokuwa hazifiki alipo.

Nilimrudisha mzima. Besi yangu nikaipunguza sana, na pale anapoimba nikaifanya inyamaze, iingie kwenye pumzi zake tu. Mama aliisikiliza mara moja, akasema, "Sawa, mwanangu. Ila kaseti yangu nirudishie." Hadi leo anasikiliza kaseti. Kama nilimtengenezea au nilimharibia, hajaniambia, nami sijapata ujasiri wa kumuuliza.

Hedifoni nikazipata chini ya daftari za Neema. Upande mmoja nikamvisha yeye, mwingine nikashika mimi, tukasubiri ubeti wa tatu. Akafumba macho.

"Nimemsikia! Ni huyu anayeimba chini, au ni huyu wa gitaa?"

Nikamwambia turudie. Tukarudia. Pale mwishoni, kwenye lile neno wanalolivuta, besi yangu iliwahi kuingia kabla hajamaliza pumzi, na hata mimi sikuweza kumwonyesha babu anaishia wapi.