Rilei inayosikia huku inaongea

Jamani hii fuli dupleksi (redio kurusha na kupokea kwa wakati mmoja) kwenye rilei ya njia mbili (mtambo wa katikati unaopitisha meseji za pande zote mbili) mi naikubali sana, na naona watu hawaiongelei vya kutosha.

Chukua simu mbili, A na B, katikati kuna mlima hawasikiani, kwa hiyo unaweka rilei juu. Kwa staili ya zamani kubadilishana meseji moja moja kunakula zamu 4: A anatuma, rilei inampa B, B anajibu, rilei inamrudishia A. Mwaka 2006 Zhang, Liew na Lam wa Hong Kong wakasema hapana, A na B warushe kwa pamoja mawimbi yachanganyikane hukohuko hewani, rilei itoe ujumbe mmoja kwenye ule mchanganyiko na kuwarushia wote, sasa si kila mtu anajua alichotuma mwenyewe, anakiondoa, kinachobaki ni cha mwenzake. Zamu 2 tu!

Fuli dupleksi inataka zamu 1, yaani unapokea mapya huku unarusha yaliyotangulia, masafa yaleyale. Shida ni sauti yako mwenyewe. Redio ya Wi-Fi ikirusha miliwati 100 inazidi kelele za kwenye risiva kwa kama desibeli 110, hiyo ni mara bilioni 100, ni kama kusikiliza mnong'ono huku unapiga ngoma. Na huwezi kuiachia programu peke yake isafishe, maana ile sakiti ya kugeuza mawimbi kuwa namba inalemewa kabla programu haijaona kitu, lazima upunguze kwanza kwenye antena na kwenye waya ndo programu imalizie. Stanford mwaka 2013 Bharadia, McMilin na Katti walifikisha hizo desibeli 110 kwa antena moja, upana wa masafa megahezi 80, na spidi ikapanda kama mara 1.87. Mi hapo nawavulia kofia kabisa.

Ila kitu kinachosahaulika ni kwamba ili ufike zamu 1 A na B nao lazima wawe fuli dupleksi, sio rilei tu. Ukiboresha rilei peke yake A atamfikia B kwa zamu moja na B atarudisha kwa nyingine, bado ni 2, ileile ya Hong Kong. Na kuongeza nguvu ya rilei hakusaidii sana maana mabaki ya sauti yake yanapanda nayo. Hata hivyo mimi ningeanza na rilei, huko mlimani kuna nafasi ya kutenganisha antena na umeme wa kutosha, simu za pembeni, A na B, zibaki zilivyo kwanza.