Kanga ya bibi na jogoo wa Januari

Juzi binti yangu alikuwa anapekua sanduku la nguo za baridi, akaibuka na kanga ya bibi, ile ya bluu yenye jina "Wema hauozi". Akaitandaza kitandani, akaingiza kidole kwenye tundu la kwanza, la pili, la tatu.

"Mama, panya hawa?"

Nikamwambia si panya, ni habari ya kuku. Akakaa kitako, akasubiri.

Wiki ile ya Januari 2019 aliyekuwa Minnesota, Marekani, hahitaji kukumbushwa. Shule zilifungwa. Jumatano ya tarehe 30 hata posta ilisitisha kupeleka barua, watu ambao nimewaona wakipita na mikoba yao kwenye theluji ya magotini. Minneapolis asubuhi hiyo ilifika nyuzi 28 chini ya sifuri kwa kipimo cha Kimarekani, yaani 33 chini ya sifuri kwa kipimo chetu, na hapo upepo haujahesabiwa. Sisi huku shamba tulikuwa na hali hiyo hiyo. Baba watoto alikuwa zamu ya usiku. Mimi nilikuwa na mtoto mmoja ndani na kuku tisa nje: matetea wanane na jogoo.

Jioni ya Jumanne nikatoka kwenda kuwafungia. Machozi yaliganda kwenye kope kabla sijafika bandani. Kuku walishapanda kwenye ubao wao, wamejivimbisha manyoya hadi hawana shingo. Nikanyoosha mkono juu, chini kidogo ya paa, kwenye yale matundu mawili yenye wavu wa waya, nikahisi upepo unapita vidoleni kama maji. Nikamsikia bibi kabisa. Kwetu Makete, Tanzania, Juni na Julai, sakitu hulala kwenye majani hadi jua litoke, na bibi alikuwa akiwaingiza kuku jikoni kila jioni, akiwahesabu kwa kuwagusa migongo. "Ziba, mjukuu wangu. Kuku hafi kwa baridi, anakufa kwa upepo."

Nikaziba. Tundu moja nikalijaza blanketi kuukuu. La pili sikuwa na kitu cha kulitosha, nikavua kanga niliyojifunga kichwani chini ya kofia, nikaisokomeza hadi upepo ukakatika. Banda likatulia. Nilirudi ndani nimeridhika, na usiku huo nililala.

Saa kumi na mbili asubuhi, giza bado, nikafungua mlango wa banda na kilichonipokea kwanza ni harufu. Harufu ya mkojo mkali, ile ya kinyesi cha kuku kilichofungiwa, ikanichoma macho. Hewa ilikuwa nzito na ya majimaji, kama ya chumba kilichoanikwa nguo mbichi. Nikainua tochi. Dari yote ilikuwa nyeupe. Sakitu ilikuwa imeota kwenye mbao, vinywele virefu vya barafu, na kila kichwa cha msumari kilikuwa na ndevu zake. Ndani, si nje.

Matetea walikuwa wamebanana, wakinitazama. Ni Wyandotte, upanga wao umelala bapa kichwani, hauna pa kukamatwa na baridi. Jogoo alikuwa Leghorn. Upanga wake ulikuwa mkubwa, umesimama, una meno sita, na huwa mwekundu kama pilipili iliyoiva. Asubuhi ile meno yote sita yalikuwa na rangi ya nta ya mshumaa. Chini ya mdomo, ndevu zake zilikuwa na ganda la barafu pale alipochovya akinywa maji. Nikavua glavu, nikagusa jino la mbele kwa ncha ya kidole. Lilikuwa gumu. Si ugumu wa nyama iliyopoa, ni ugumu wa kitu kisicho cha mwili. Naye, ambaye siku zote ukinyoosha mkono anakurukia, hakurudisha kichwa nyuma. Aliniacha nimguse. Akafumba jicho moja, akalifumbua taratibu, na mimi nikasimama pale mkono wazi hadi vidole vyangu navyo vikaanza kufa ganzi.

Nikageukia kanga. Ilikuwa imekuwa bati. Pumzi za kuku tisa, usiku kucha, zilikuwa zimeingia kwenye pamba na kugandia kwenye waya. Nikaivuta kwa nguvu zote. Hapo ndipo yalipotoka hayo matundu matatu.

Nikampigia jirani, mzee aliyefuga kuku tangu utotoni. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Umeziba juu?" Hakunikaripia. Akaniambia mwili wa kuku una joto la nyuzi 41 na manyoya yake ni koti. Baridi kavu ataivumilia. Unyevu ndio unaomkata. Anapumua maji, anakunya maji, na maji hayo lazima yapande na kutoka juu ya kichwa chake. Upepo uzuiwe pale anapolala, lakini juu pabaki wazi. Nikamuuliza kama niwashe taa ya joto. Akasema taa na maranda makavu ndivyo mabanda yanavyoungua, nisithubutu.

Jogoo nilimhamishia karakana, kwenye boksi, mbali na joto la moja kwa moja, na sikumsugua upanga, maana kusugua kungeirarua nyama. Banda nikalifungua juu, nikaongeza maranda hadi kifundoni, nikageuza ubao wa kulalia ulale kwa upana wake ili vidole vyao vifunikwe na manyoya ya kifua. Mahindi kabla ya giza, maji ya vuguvugu kila baada ya muda mfupi. Usiku uliofuata ulikuwa wa baridi ile ile, na asubuhi dari ilikuwa kavu.

Siku nne jogoo hakuwika. Meno ya upanga yakawa meusi, yakakauka, na kufikia Machi yalikuwa yameanguka moja moja. Nililiokota moja kwenye maranda. Lilikuwa jepesi kama ganda la karanga. Alipowika tena nilikuwa naosha vyombo, nikafunga bomba nimsikilize.

Binti yangu alisikiliza yote hayo, kidole bado kwenye tundu. Kisha akauliza, "Kwa hiyo bibi yako alikosea?"

Nimekuwa na swali hilo siku tatu sasa. Jiko la bibi nalikumbuka: moto katikati, kuku pembeni, na paa la nyasi. Moshi ulikuwa unapita kwenye nyasi zile usiku kucha. Ukisimama nje alfajiri unaona paa zima linafuka. Labda hakuwahi kuniambia niache juu wazi kwa sababu juu kwake hakukuwahi kuzibika. Labda alijua, na mimi nilikuwa mdogo, nikashika nusu ya maneno. Hayupo wa kuulizwa.

Wametangaza baridi tena kwa wiki hii. Jana jioni nilisimama bandani mkono juu, upepo ukipita vidoleni, kanga iko begani. Niliisikia sauti yake kama siku ile. Nikashusha mkono, nikawahesabu kwa kuwagusa migongo, nikafunga mlango.